Samaki wa Luseno

Mimi nilikuwa nawaogopa wale samaki kuliko nilivyomwogopa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ukimkosea anafoka, nawe unafoka, yanaisha. Samaki hafoki. Unaamka asubuhi unamkuta ameelea ubavu, na huna wa kumuuliza.

Msinicheke. Najua mnachowaza: huyu si Nekesa wa samaki wa kukaanga, yule wa kibanda cha karibu na Soko la Burma? Ndiye mimi. Nimepasua matumbo ya samaki miaka nenda miaka rudi, nikawapaa magamba mpaka nikienda kanisani jirani yangu anahama benchi. Sijawahi kumlilia hata mmoja. Lakini wale wa bwawani kwetu Kayole, wale wa rangi ya machungwa wasioliwa na mtu yeyote, hao waliniondolea usingizi. Na sababu haikuwa samaki. Sababu ilikuwa Luseno, mume wangu.

Luseno alikuwa akifanya kazi kiwandani Baba Dogo, kwenye mashine ya kukata mabati. Siku moja ile mashine ikamla vidole vya mkono wa kulia, ikamwachia gumba. Kidonda kilipona. Yeye ndiye hakupona. Mtu aliyekuwa akiingia mahali watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, huyo huyo akawa wa kulala akiutazama ukuta asubuhi hadi jioni, mkono ameuficha chini ya blanketi kama ameuiba. Wageni wakija anajifanya amelala. Nikimpa uji anakunywa. Nisipompa haulizi. Halafu jioni moja, nikiwa napanga vyombo, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Heri ile mashine ingenimaliza mzima."

Nilimpigia kelele, nikamwambia asinitamkie ujinga ndani ya nyumba yangu. Kisha nikatoka nje nikashika ukuta. Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka sokoni, mlango nilikuwa naufungua polepole, nikitanguliza sikio.

Sasa hilo bwawa. Ploti yetu ilikuwa ya Mzee Muasya, mtu wa Tala, ghorofa zimezunguka uwanja mdogo katikati. Alipokuwa akijenga alichimba shimo la kuwekea maji ya kukorogea saruji. Ujenzi ulipoisha, badala ya kulifukia akalipiga plasta, akalijaza maji, akatia humo samaki wa mapambo ili wawe wakila viluwiluwi vya mbu, na ploti ionekane ya maana. Akaenda zake Tala. Bwawa likawa la wote, maana yake hakuna aliyelisafisha na hakuna aliyekosa kulilisha.

Na hapo kwa kulisha ndipo penye kisa. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatuwezi kula mtu akitukodolea macho tusimmegee. Na wale samaki, ukisogea tu wanakuja juu midomo wazi, utadhani hawajala tangu Krismasi. Basi mimi nikawa nawatupia ugali. Ndindi, Mkamba wa ghorofa ya juu, anawamwagia muthokoi uliobaki, yale mahindi yao ya kukobolewa. Qamar, mke wa Gedi, ambaye tulikuwa tunapakana ukuta kwa ukuta, anawakatia anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na mwezi wa Ramadhani anawapelekea hata sambusa wakati wa kufuturu, ati nao ni viumbe wa Mungu. Kila nyumba iliamini nyumba nyingine zote ni bahili. Samaki wakala wakashiba, yaliyobaki yakaoza, jua likapiga juu yake. Maji yakageuka. Kwanza kijani kidogo, halafu kijani kabisa, halafu ule mwani ukafanya nyuzi na utelezi, ukichovya kijiti ukikitoa kinavuta kama mrenda. Harufu nayo! Muasya alikuja siku moja, akaziba pua, akasema akirudi akakuta hali ile ile ataleta lori la mawe alifukie.

Kesho yake nikaona muujiza. Luseno aliinuka. Alitoka nje na shati alilolalia, akasimama juu ya ule uozo muda mrefu, akarudi ndani, akaniuliza: "Lile godoro la Mourine liko wapi?" Mourine ni binti yetu, wakati huo alikuwa shule ya bweni, na godoro lake la zamani lilikuwa uvunguni. Nilikimbia kulitoa. Sikuuliza hata la nini, nisije nikamkatiza.

Alilikata vipande kwa mkono wa kushoto, jasho likimtoka. Akatafuta mapipa mawili ya plastiki, akayapandisha juu ya matofali ukingoni mwa bwawa. La kwanza akalijaza zile sponji za godoro. La pili akalitia kokoto na kupanda nduma humo, mizizi ndani ya maji, kwa sababu nduma hunywa ule uchafu unaoulisha mwani. Kisha kazi ikawa ni ndoo. Asubuhi na jioni anachota maji ya bwawa, anamimina pipa la kwanza. Yanachujika kwenye sponji, yanapita kwa kipande cha paipu hadi kwenye nduma, yanarudi bwawani yakidondoka kwa kishindo. Juu akatandaza magunia kwenye miti ili jua lisiyapige maji moja kwa moja. Mimi nikapewa kazi ya kuzuia watu kutupa chakula. Wa kulisha ni yeye peke yake, asubuhi, omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa, kidogo tu, wa kubanwa kwa vidole. Kazi ya kupiga kelele sikuhitaji kufundishwa na mtu.

"Ndindi, hiyo sufuria unaenda nayo wapi?"

"Kumwaga maji tu, Mama Mourine."

"Maji gani hayo yenye maharagwe?"

Anarudi juu akininung'unikia kwa Kikamba, nami namjibu kwa Kibukusu, tunaelewana vizuri kabisa.

Maji yalitakata polepole. Wiki baada ya wiki ule ukijani ukapungua, hadi siku moja nikaona sakafu ya bwawa, na juu yake kijiko changu kilichopotea. Luseno akaanza kumaliza chakula chake. Akaanza kunyoa ndevu. Ungedhani nitatulia. Thubutu! Ndiyo kwanza hofu ilizidi. Nilijiambia, mtu huyu amejishikiza kwa hawa samaki, na samaki ni kitu cha kufa. Mimi najua, nawauza. Wakifa hawa atarudi kwenye ule ukuta, na safari hii sitamtoa. Kwa hiyo nikawa naamka kabla yake kila siku kwenda kuwatazama. Siku nilipomkuta mmoja ameelea, nilimfunga ndani ya leso, nikaenda naye hadi Burma, nikamtupa kati ya matumbo ya samaki wangu. Luseno alirudi kutoka bwawani, akaketi kunywa chai yake. Yangu ikapoa nikimtazama.

Kusema naye bado ilikuwa kazi. Majirani wakimsalimia anainua kidevu. Mapipa yake hakumweleza mtu yanafanyaje kazi, hata mimi. Siku moja nilitaka kumwoshea zile sponji, zilikuwa zimekuwa nyeusi na zinanuka, akaniondoa mkono. "Wacha," akasema. Neno moja tu. Nikaacha.

Januari ya tisini na nane ilitukuta vibaya. Mvua za El Niño zilikuwa zimekata mabomba, mifereji ikawa inakohoa upepo. Mtaani kukazuka kipindupindu. Watu wa afya walipita mlango kwa mlango wakigawa dawa ya klorini, wakatuambia tuitie katika kila chombo cha maji, na chochote chenye utelezi tukisugue. Ploti nzima tuliapa tumetia. Na Ramadhani nayo ilikuwa inaisha. Qamar alikuwa akitazamia wageni wa Idi, tena si wageni wa kutoshea ndani, wa kutandikiwa mikeka uwanjani.

Siku hiyo Luseno alikuwa na kliniki ya mkono. Hakutaka kwenda. "Nani atachota maji?" akauliza. Nikamwambia hakuna samaki anayekufa kwa kukosa ndoo ya asubuhi moja, avae viatu. Nyumba nikamwachia Qamar aniangalizie.

"Nenda tu, abaayo," Qamar akaniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, dada. "Usijali kitu. Mtakuta kila kitu kizuri."

Hospitalini tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Moyo wangu haukutulia. Nilimuuliza Luseno kama anajisikia vibaya, akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akanitazama, akahamia upande wa pili wa benchi.

Tuliporudi, harufu ndiyo iliyotupokea langoni. Ile harufu ya dawa ya maji, kali, ya kukata pua. Luseno alisimama, akavuta hewa, kisha akaenda mbio. Tangu aumie sikuwa nimemwona akikimbia.

Uwanja ulikuwa unang'aa. Qamar alisimama pale dira yake, lile gauni refu la Kisomali, ameifunga kiunoni, Ndindi ana brashi mkononi, wote wawili wamelowa na wanacheka hadi magego. Kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka, zilikuwa zimeanikwa sponji za Luseno, zimefuliwa kwa sabuni ya unga zikarudi rangi ya njano ya dukani. Mapipa yamesuguliwa ndani na nje. Kokoto zimeoshwa moja moja, na nduma zimeng'olewa, zimesafishwa mizizi, zimelazwa juu ya gazeti. Kuta za bwawa zimepigwa brashi. Na juu ya yote hayo, kwa upendo wao, walikuwa wamemimina klorini bwawani, kipimo cha watu wa afya na kidogo cha kuongezea.

"Baba Mourine," Qamar akasema, "kila siku unateseka na ndoo peke yako. Leo tukasema tukupumzishe. Wallahi, mle kwenye mapipa mlikuwa na matope! Meusi tii!"

Maji yalikuwa meupe kama ya kunywa. Na samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakihema hewa kama watu waliofungiwa kwenye chumba cha jiko la makaa. Wawili watatu walishaanza kulala ubavu.

Luseno alipiga magoti. Akachovya mkono wa kushoto, akaunusa. Hakumtazama Qamar, wala Ndindi, wala hao samaki. Alinitazama mimi. Na uso wake, jamani, nilikuwa naujua uso ule. Ndio aliokuwa akiupa ukuta.

Sikuwahi kuogopa vile, hata siku walipokuja kuniambia ya mashine. Siku ile angalau walisema yuko hai.

Hofu yangu hutokea mdomoni. "Nani aliwatuma?" nikawageukia. "Nani? Mna vyoo vyenu havijaona brashi tangu uhuru, na mnakuja kusugua kitu cha mtu! Mmeua! Mmeniulia!" Niliyasema na mengine, siyarudii. Qamar akaketi chini pale pale kwenye maji, na saumu yake, akaanza kulia. Ndindi hakulia. Ndindi aliweka brashi chini, akanijibu taratibu:

"Mama Mourine, ulisema tusitupe chakula. Hukusema tusioshe."

Kwa kweli hakuna aliyewaambia. Wangeambiwa na nani?

"Maji," nikasema. "Haraka. Nani ana maji yasiyo na dawa?"

Wanawake walikuwa wameshajaa kwenye ngazi na milangoni, kila mmoja akamtazama mwenzake. Wote tulikuwa tumewaapia watu wa afya.

"Nawauliza nani ana maji yasiyo na dawa! Sitawashtaki kwa mtu!"

Ndindi akakohoa. "Mimi nina pipa," akasema. "La mvua. Ile dawa inaharibu chai."

"Hata mimi," mwingine akasema kutoka juu.

"Mimi nilitia kidogo, halafu nikamwaga."

Wakajitokeza mmoja mmoja, wenye aibu, na kumbe nusu ya ploti ilikuwa inakunywa maji ya mvua yalivyo, tena wengine ndio waliokuwa wakitusimamia sisi tuchemshe. Qamar peke yake ndiye aliyekuwa ametii. Alisimama, akajifuta kamasi, akaenda kuleta mabeseni yake yote, hata lile jipya la sambusa za Idi.

Maji yakaanza kushuka kwa ndoo na mitungi. Vyombo vikapangwa: karai, beseni, sufuria, ndoo ya rangi. Ndindi akaingia bwawani hadi magotini, akamkamata samaki mmoja kwa mikono miwili, akamwinua.

"USIMSHIKE HIVYO!"

Sote tuliruka. Mimi mwenyewe nilitazama nyuma kuona ni nani. Alikuwa Luseno. Amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Utamvua ute! Huo ndio ngozi yake. Tumieni chandarua, mchote na maji yake. Wewe, usijaze hilo karai, wanataka hewa. Msirundike! Beseni moja samaki wachache, kila mtu abebe apeleke kwake, kwenye kivuli. Na asiwape kitu. Hata chembe!"

Watu walimtii kama askari. Nusu yao hawakuwahi kusikia sauti yake. Lakini mimi sikufarijika, hapana, nilikuwa nikimtazama kwa upande wa jicho, nikijua kwamba mtu huweza kupiga kelele hivyo akiwa anaanguka. Yule samaki mkubwa, mweupe mwenye baka jekundu kichwani, alimfia mkononi. Nilimfunua matamvua kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa yamevimba, yamepauka, yameungua. Luseno alimlaza juu ya tofali, akamfunika kwa kipande cha gunia, akaendelea kuchota. Jioni bwawa lilikuwa tupu, maji yake yote tumeyachota tukayamwaga, na sisi wawili tukakaa kula. Hakugusa nyama. Aligeuka upande wa ukuta akalala.

Asubuhi nikaamua siendi sokoni. Niliamua nitamkalia hapo hapo, akichukia achukie. Nikachungulia, bado amelala. Nikatoka mara moja kwenda kioski kununua maziwa, hapo tu ng'ambo ya lango, na kulikuwa na foleni. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu.

Nilimwita. Nikaenda chooni, mlango uko wazi. Nikaenda bwawani: saruji kavu na lile tofali. Viatu vyake havikuwepo. Hapo akili ikanitoka. Niliacha maziwa sijui wapi, nikakimbia hadi Spine Road na kanga ya kulalia, nikiwauliza watu wa mikokoteni kama wamemwona mtu mrefu, mkono mmoja hauna vidole. Mmoja akauliza amevaa nini, na sikujua. Mume wangu, na sikujua amevaa nini. Nilitazama kila upande wa barabara, magari yanapita, nikasema ndani ya roho yangu, Mungu, nilienda kununua maziwa tu.

Nikarudi mbio kuwaamsha Gedi na wanaume wengine wanisaidie kutafuta. Nilipofika mlangoni kwa Qamar, kabla sijabisha, nikasikia sauti nyuma ya pazia.

"Yale matope si uchafu, Qamar," sauti ilikuwa inasema. "Ndani yake mna vijidudu, huvioni kwa macho. Ndivyo vinavyokula mkojo wa samaki, na mkojo ndio sumu yao. Vinachukua wiki nyingi kuzaliana. Sponji ukitaka kuisafisha, unaikamua kidogo tu ndani ya maji yale yale ya bwawa, basi. Nyinyi jana mliwaachisha kazi wafanyakazi wote siku moja."

"Bila hata kiinua mgongo," Gedi akasema, na wote wakacheka.

Nikavuta pazia. Luseno alikuwa ameketi kwenye mkeka, mbele yake lile beseni la sambusa na samaki watatu ndani yake wakizunguka taratibu. Mkono wa kulia ulikuwa nje ya mkono wa shati. Alikuwa akielekeza nao, na lile gumba lake, mbele ya watu, bila kujua kwamba anaelekeza nao.

"Mama Mourine," akasema, "mbona umetoka na kanga?"

Ningempiga. Haki ya Mungu ningempiga mbele ya wenye nyumba. "Nimekutafuta mpaka barabarani!" nikasema, na sauti ikanipasukia.

"Nilikuwa napita kila nyumba nilikoweka samaki. Nimebadilisha maji. Kwa Ndindi wamepona wote." Akanitazama vizuri, akanyanyuka. Qamar naye alinitazama, akainama kupangusa mkeka uliokuwa hauna kitu.

Tulitoka. Tukavuka uwanja hadi penye bwawa, na hapo nikashindwa kwenda mbele. Nikaona nimwambie mapema, kabla hajakaa na mawazo: "Pole kwa samaki wako, Baba Mourine. Waliokufa tutatafuta wengine. Na wale waliopona, tutaanza tena na zile sponji, hata ikichukua mwaka. Wewe usivunjike moyo tu. Nakuomba."

"Samaki wangu?" akasema.

"Kwani ni wa nani?"

"Mimi sijawahi kupenda samaki, Nekesa. Wananitumbulia macho kama wananidai."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Zamani ukirudi sokoni ulikuwa huingii ndani," akasema. "Ulikuwa unakaa hapa ukingoni, unavua viatu, unawatazama, mpaka giza. Mimi nilikuwa nakuona kwa dirisha. Nikasema, sawa, huyu amechoka nami, lakini bado anakaa. Halafu maji yakaoza. Ukaacha kukaa. Ukawa unasimama mlangoni, unafungua polepole kama mtu asiyetaka kuingia. Ukaanza habari za kwenu Kimilili, kwamba mama yako amezeeka, kwamba mashamba hayana mtu." Alikuwa akitazama sakafu ya bwawa. "Na siku Muasya aliposema atalifukia, nikasema likifukiwa huyu anaenda."

Ule mlango! Mwaka mzima naufungua nikitanguliza sikio, kusikia kama anapumua, na yeye ndani anahesabu kwamba nachukia kuingia. Nilitaka kumwambia yote kwa mara moja, nikashindwa nianzie wapi, na machozi yalishanitangulia.

"Jana nilipoyanusa yale maji," akasema, "nilikutazama wewe kwanza."

"Niliona."

"Sasa ni tupu." Mkono wake wa kulia ulianza kurudi polepole ndani ya shati. "Utaenda?"

Niliushika ule mkono kabla haujafika. Ulikuwa wa baridi. Mbele yetu hapakuwa na tone la maji, saruji tu, nyeupe, inayonuka dawa, na Ndindi anatuchungulia kutoka juu bila hata kujificha. Nikavua viatu, nikakaa.